Kumi Inashinda Nane

Fadimula ameweka kadi mbili za michoro mezani,
juu ya gazeti, kama angara wawili wasiopimwa.
"Chagua, Driciru. Saa sita na nusu nafunga, leo Ijumaa."
Nje, mvua ya Arua bado inajishauri.

Nageuza kitabu cha risiti, nachora mstari katikati.
Huku: viini elfu mbili mia tano na sitini,
gigahezi moja nukta saba.
Kule: viini elfu tatu mia tano themanini na vinne,
gigahezi moja na nusu.
Kanuni naijua tangu chuoni:
viini mara mwendo, mara mbili,
maana kila kiini, kwa kila pigo,
huzidisha na kujumlisha kwa pumzi moja.
Nane nukta saba. Kumi nukta saba tano.
Teraflopi:
matrilioni ya hesabu kwa sekunde,
na mimi hapa nalowesha kidole mate
nikihesabu laki tisa, nikirudia za elfu tano tano.

Kumi inashinda nane. Mtoto wa chekechea anajua.

Lakini shuka chini ya karatasi.
Kumbukumbu: gigabaiti kumi na mbili huku, nane kule.
Njia ya data: kule ndiko pana zaidi,
barabara kuu inayoishia kwenye ghala dogo.
Wati: mia moja na ishirini. Mia mbili na hamsini.
Hapo kalamu inasita.

Maana nyuma ya studio yangu, huko Oli,
inanguruma jenereta ya Andama,
iliyostaafu kusaga muhogo;
ukiwasha pasi tu, taa zinainama.
Na umeme wa mji ni mgeni mwenye deni:
anabisha, anachungulia, anaondoka.
Kumi nukta saba tano ni hesabu ya chumba
chenye ubaridi, kisicho na vumbi,
chenye waya usiotetemeka.
Chumba hicho sijakiona.
Hata aliyeiandika namba hii, nadhani,
alizidisha tu, akaenda kula.

"Uwezo wa kinadharia." Nalitamka polepole,
na mkono unakumbuka kijitabu cha jeshi cha baba,
jalada la kijani, kona zimeliwa na mende.
Urefu: futi sita. Kifua: inchi arobaini.
Macho: mazuri.
Mbio za maili tano: dakika thelathini na nne.
Hapakuwa na mstari wa magoti.
Hapakuwa na mstari wa usiku, alipoamka
akihesabu kwa Kiswahili cha kambini,
moja, mbili, moja, mbili,
hadi mama amshike bega.
Wala safu ya mwaka wa themanini,
alipovuka kwenda Kongo na cherehani ya shangazi kichwani.
Chini kabisa, muhuri: ANAFAA.
Mimi nilimjua akishindwa kufungua chupa ya soda.

"Mali bila daftari hupotea bila habari,"
Fadimula ananihimiza.
Na daftari bila mali, Fadimula?
Anacheka, anasugua feni kwa brashi ya viatu.

Jumatatu binti wa marehemu Ezaruku anafika kutoka Juba
kutaka filamu ya mazishi:
saa nne za mvua, kamera tatu, baragumu,
na uso wa mzee
nilioahidi kuung'arisha fremu kwa fremu.
Kazi hiyo hula kumbukumbu kama mchwa.
Ghala likijaa, mwenye kasi husimama mlangoni
na mzigo kichwani, hana pa kuutua.

Nachukua nane nukta saba.
Risiti anaiandika nyuma ya hesabu zangu.

Usiku, asilimia tatu.
Andama anaongeza petroli, ananitukana kwa upole.
Kasi yake halisi sijaipima, na sitaipima.
Asilimia kumi na nne: taa inainama,
nashika meza,
inarudi. Feni haikusimama.